Waliobaki na Walioondoka: Uchunzaji wa Jumuiya za Hiari

Miongoni mwa mapendekezo ya utafiti ambayo huwasilishwa kila mwaka katika idara za Kiswahili za vyuo vikuu vya Kenya, hayakosekani yale yanayohusu vikundi vya kijamii. Mtahiniwa huteua mahali anapopafahamu, kwa mfano Nyamarambe katika Mugirango Kusini, Kaunti ya Kisii. Huteua vikundi vitano vya akina mama, akahudhuria mikutano mitatu ya kila kikundi, akagawa hojaji, kisha akarejea chuoni na matokeo ambayo msomaji angeweza kuyabashiri tangu ukurasa wa kwanza: kwamba wanakikundi husemezana kwa adabu, husuluhisha migogoro kwa methali, hutumia Kiswahili kwa wingi, na kwamba hali yao ya maisha ni bora kuliko ya majirani wasio na kikundi. Jopo humuuliza kuhusu nadharia, likamuuliza kuhusu ukubwa wa sampuli, pengine likamkosoa kwa makosa ya tahajia. Ni nadra kusikia akiulizwa: Je, waliotoka katika vikundi hivyo wako wapi?

Makala haya yanashikilia kuwa swali hilo lingepaswa kulitangulia lile la nadharia. Matokeo yaliyotajwa hapo juu huenda yakawa ya kweli. Tatizo ni kwamba muundo wa utafiti wenyewe haumwezeshi mtafiti kujua kama ni ya kweli au la, hata angehudhuria mikutano mia moja.

Jumuiya ya hiari ni mkusanyiko wa watu waliokubaliana kuishi, kulima, kuweka akiba au kuabudu pamoja chini ya kanuni walizojiwekea wenyewe. Daraja yake ya juu ni kijiji kizima chenye mali ya pamoja, kama makazi ya kibutzi yaliyoanzia Degania mwaka 1910. Daraja yake ya kawaida, ambayo kila msomaji wa Kenya anaijua, ni chama cha watu kumi na watano wanaochangiana kwa zamu. Baina ya daraja hizi mbili kuna tofauti kubwa za mali na imani, lakini zote zina jambo moja ambalo ukoo hauna: zina mlango. Mtu huingia kwa kutaka, na mtu hutoka, kwa kutaka au kwa kutolewa.

Wagusii walilijua jambo hili zamani, na lugha yao imelihifadhi. Katika Ekegusii kuna risaga na kuna egesangio. Risaga ilikuwa kazi ya ujirani: mwenye shamba aliita majirani, wakaja kulima au kujenga, nao wakakirimiwa pombe na chakula. Mtu aliingia katika risaga kwa sababu nyumba yake ilikuwa pale ilipokuwa. Egesangio kilikuwa kikundi kidogo cha watu, aghalabu wanawake, waliochaguana ili walimiane mashamba kwa zamu. Aliye mvivu hakuchaguliwa. Aliyekosa zamu za wenzake alijua kwamba yake haitafika. Kwa hivyo mtafiti anayeviita vyote viwili 'kikundi cha ushirikiano' huwa amekwisha kuiharibu data yake kabla ya kufika nyanjani, kwani kimoja humpokea kila jirani na kingine huteua.

Chama cha leo ni mwana wa egesangio. Mwanamke anayejiunga nacho Nyamarambe yamkini ni yule ambaye tayari ana migomba ya kuuza, au kibanda sokoni, au mume asiyempokonya fedha za mkononi. Akionekana baada ya miaka mitatu amenunua ng'ombe, ni kipi kilichomnunulia? Pengine ni chama. Pengine ni nidhamu aliyoingia nayo chamani. Pengine ni vyote viwili kwa viwango visivyolingana. Mchunzaji aliyewatazama waliomo ndani peke yao hana njia ya kuyatenganisha mambo hayo, na kuongeza idadi ya vikundi kutoka vitano hadi hamsini hakumsaidii, maana kosa lenyewe litaongezeka pamoja na sampuli.

Upande wa kutoka una uzito zaidi. Katika vyama vingi, anayeshindwa kuchanga hutozwa faini. Akishindwa tena hutolewa, na jina lake hupigwa mstari daftarini. Kikundi kinapofikia mwaka wa tano, waliobaki ni wale ambao mvua, maradhi, mazishi na karo za watoto hazikuwashinda. Mtafiti akiwahoji hao kuhusu manufaa ya kikundi, anawahoji washindi kuhusu mashindano. Halafu kuna vikundi vilivyokufa kabisa, ambavyo havina mwenyekiti wa kumpokea mgeni wala kitabu cha kumbukumbu za mikutano. Wanafunzi wa fasihi hawapaswi kuuona ugumu huu kuwa mgeni. Mhakiki anayesoma tenzi za kale zilizohifadhiwa katika hati za Kiarabu, kisha akahitimisha kuwa Waswahili wa kale walitunga kuhusu dini tu, husahau kwamba wanakili walinakili walichokiona kinafaa kunakiliwa. Nyimbo za ngoma na za kazini hazikupata mwanakili. Kinachosomwa leo ni kilichobaki.

Ugusii si eneo geni kwa uchunzaji. Kwa hakika ni mojawapo ya sehemu za Afrika Mashariki ambazo watu wake wametazamwa kwa makini mno, na historia hiyo ina mafunzo ambayo watafiti wa Kiswahili hawajayatumia vya kutosha. Kati ya 1955 na 1957, Robert LeVine na Barbara LeVine waliishi na kuchunguza jamii ya Nyansongo katika nyanda za juu za Ugusii. Kazi yao ilikuwa sehemu ya mradi mkubwa wa tamaduni sita ulioongozwa na John Whiting na Beatrice Whiting, ambapo jamii moja moja ilichunguzwa Kenya, Uhindi, Okinawa, Ufilipino, Meksiko na Marekani. Watoto wa umri wa miaka 3 hadi 11 walitazamwa katika vipindi vya dakika tano tano. Mchunzaji aliandika mtoto alifanya nini, kwa nani, mahali gani, nani walikuwepo na kulikuwa na shughuli gani. Baadaye watu wengine, ambao hawakuwa nyanjani, ndio waliopanga vitendo hivyo katika makundi.

Utaratibu huo unastahili sifa. Kitendo kiliandikwa kabla ya fasiri. Katika tasnifu nyingi za isimujamii mambo huenda kinyume: daftari la nyanjani huwa limejaa maneno kama 'alionyesha heshima', 'alidhihirisha mamlaka', 'alijihisi mnyonge', na msomaji hawezi tena kujua ni neno gani lililotamkwa wala nani alikuwa amesimama. Whiting na wenzake walipochapisha uchanganuzi wao mwaka 1975, waliweza kuonyesha kuwa watoto wa Nyansongo walikuwa miongoni mwa waliojitokeza zaidi kwa kuwatunza na kuwaelekeza wengine, na wakalihusisha jambo hilo na wingi wa kazi za mama zao shambani na nyumbani. Anayetaka kupinga fasiri hiyo anaweza kuipinga, kwa kuwa vitendo vyenyewe vimeandikwa.

Hata hivyo, watoto waliochunzwa Nyansongo walikuwa 16. Walikuwa wa ujirani mmoja, katika miaka ya mwisho mwisho ya ukoloni, wakitazamwa na wageni kutoka Marekani. Kadiri kitabu kilivyosomwa mbali na Ugusii, ndivyo jina Nyansongo lilivyoelekea kufutika na mahali pake pakachukuliwa na 'Wagusii', na wakati mwingine na 'Waafrika'. Lawama haiwaendei waandishi peke yao. Inawaendea pia wasomaji, wakiwemo wa Afrika Mashariki, wanaonukuu matokeo bila kutaja idadi.

Somo kubwa zaidi lilipatikana katika utafiti wa pili, uliofanywa na Robert LeVine, Sarah LeVine na wenzao kuanzia 1974 hadi 1976, na ambao kitabu chake kilitoka mwaka 1994. Walichunza akina mama na watoto wachanga. Mama wa Kigusii walikuwa wepesi kumbeba mtoto na kumtuliza anapolia, lakini walimtazama usoni na kumsemesha kwa kiwango kidogo kuliko mama wa tabaka la kati wa Boston. Hebu msomaji afikirie mtafiti ambaye kifaa chake cha kupimia kina safu mbili tu, ya kusemesha na ya kutazamana. Angeandika kuwa mama wa Kigusii ni baridi kwa wanawe. Kifaa kingekuwa kimefanya kazi bila dosari, na hitimisho lingekuwa la uongo. Makundi ya vitendo yanayobebwa kutoka Boston hupima Boston.

Jambo hili linahusu moja kwa moja mkutano wa chama. Katika utamaduni wa Kigusii, chinsoni, yaani kanuni za staha na kuepukana baina ya watu wa vizazi vinavyofuatana, huamua nani aketi wapi, nani atamke nini mbele ya nani, na mkaza mwana ajiweke vipi mbele ya baba mkwe wake. Mwanamke anayenyamaza mkutanini huenda hana la kusema, au amezuiwa na mwenyekiti, au kuna mtu mmoja tu mle ndani ambaye kwa chinsoni hawezi kuongea naye waziwazi. Mtafiti anayehesabu zamu za kuzungumza na kuandika 'ushiriki mdogo' huwa amejumlisha mambo matatu yasiyofanana. Angehitaji kwanza kujua uhusiano wa kila mtu na kila mtu mkutanini, jambo linalochukua wiki kadhaa na ambalo hakuna hojaji inayoweza kulifupisha.

Na kuna suala la lugha, ambalo kwa wasomaji wa jarida hili ndilo kiini. William Labov alieleza mapema katika miaka ya 1970 kitendawili cha mtazamaji: mwanaisimu anataka kujua watu husema vipi wasipotazamwa, lakini hawezi kupata data hiyo ila kwa kuwatazama. Nyamarambe ni mji wa soko, katika sehemu inayopakana na maeneo ya Waluo. Ekegusii ndiyo lugha ya nyumbani, Dholuo husikika, na Kiswahili hutumiwa na yeyote anayemwona mwenzake kuwa mgeni. Sasa aingie mwanafunzi wa chuo kikuu na kinasa sauti, ajitambulishe kuwa anasoma Kiswahili. Katibu, kwa ukarimu, atauendesha mkutano kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha shuleni. Mtafiti atarekodi dakika tisini za mazungumzo hayo na kuandika kwamba Kiswahili kimeshamiri katika vikundi vya mashinani. Alichokirekodi ni namna mgeni wa Kiswahili anavyopokewa. Hiyo nayo ni mada nzuri, ingawa siyo iliyoandikwa kwenye jalada la tasnifu.

Dawa ya hali hii ni muda na kazi. Watu hawawezi kumkirimu mgeni kwa lugha yake kwa miezi minne mfululizo huku wakibishana kuhusu faini. Vilevile hawawezi kuichunga lugha yao wakati mikono imeshika kazi. Katika Mugirango Kusini hiyo hiyo kuna Tabaka, kitovu cha uchongaji wa mawe laini ya Kisii, ambako kwa kawaida wanaume huchimba na kuchonga, na wanawake husugua vinyago kwa maji mpaka vilainike. Anayetaka kusikia jinsi wanakikundi wanavyosemezana angevuna zaidi pale kwenye mabeseni ya kusugulia kuliko katika mkutano wenye ajenda.

Swali la nani aliingia kwa hiari yake lilikuwa na uzito mkubwa zaidi upande wa pili wa mpaka, nchini Tanzania, ambako halikuamua alama za tasnifu tu bali maisha ya mamilioni ya watu. Mwaka 1960 vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU walianzisha kijiji cha Litowa karibu na Songea, wakilima na kugawana mazao kwa pamoja. Mwaka 1963 kikaundwa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, ambacho hatimaye kilikusanya vijiji zaidi ya kumi. Julius Nyerere aliisifu kazi yao, na alipochapisha andiko lake kuhusu ujamaa vijijini mwaka 1967, ilikwisha kuwepo mahali ambapo mtu angeweza kwenda kuona jambo hilo likitendeka. Litowa ilitazamwa na wageni wengi, na wengi walirejea na maelezo ya kufurahisha. Septemba 1969 TANU ilikivunja chama hicho. Novemba 1973 ikatangazwa kuwa kuishi vijijini ni amri, na katika miaka iliyofuata watu walihamishwa kwa malori, baadhi yao nyumba zao zikibomolewa nyuma yao.

Tangu hapo wamekuwepo wasomi wa aina mbili. Wa kwanza hutaja Litowa kuthibitisha kuwa ujamaa uliwezekana. Wa pili hutaja vijiji vya Operesheni kuthibitisha kuwa haukuwezekana. Wote wawili wamejenga juu ya mchanga. Watu wa Litowa walijichagua: walikuwa tayari kuacha mashamba ya baba zao na kuanza upya porini, na hakuna ajuaye kama mkulima wa kawaida wa Ruvuma, ambaye hakuwa tayari kufanya hivyo, angefanikiwa vilevile. Watu wa Operesheni hawakuchagua lolote. Uvivu wao katika shamba la pamoja unaweza kuwa ushahidi dhidi ya malori badala ya kuwa ushahidi dhidi ya ujamaa. Katikati palikuwa na kundi la tatu lililosahauliwa, yaani vijiji vilivyojiandikisha kuwa vya ujamaa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu serikali ilivipa kipaumbele katika misaada. Takwimu za wakati ule ziliwahesabu kuwa wajamaa.

Riwaya ya Kiswahili iliona haraka kuliko takwimu. Euphrase Kezilahabi, katika Gamba la Nyoka ya mwaka 1979, anawaweka pamoja wanaosukuma, wanaosukumwa na wanaonufaika, na hamruhusu msomaji kuwahesabu wote kuwa wanakijiji. Kuna tabia, hata hivyo, ya wahakiki kuinukuu riwaya hiyo kana kwamba ni ripoti ya nyanjani: 'kama Kezilahabi anavyothibitisha, wananchi walipinga...' Riwaya haithibitishi kiwango. Inaweza kuonyesha ni maswali gani mtafiti alisahau kuuliza, na hiyo si kazi ndogo.

Kwa upande wa Kenya, Katama Mkangi ni mfano wa kipekee kwa sababu alikuwa mwanasosholojia na pia mwandishi. Utafiti wake miongoni mwa Wataita ulihoji imani iliyokuwa imezoeleka kuwa familia ndogo na hatimiliki za ardhi humletea nafuu kila mkulima. Aliangalia gharama iliyowaangukia maskini. Ni mtu huyo huyo aliyebuni, katika Walenisi ya mwaka 1995, jamii iliyopangwa kwa usawa, ambayo Dzombo anafika akitokea nchi ya dhuluma. Wahakiki wameisoma sana kwa upande wa siasa. Ingefaa kusomwa pia kwa jicho la mbinu za utafiti: Dzombo ni mgeni anayeonyeshwa na wenyeji, na kila anachokijua kuhusu Walenisi amekipata kwa wale wanaoipenda. Ni vigumu kuamini kwamba mtaalamu aliyekuwa ameishi miongoni mwa wakulima akiuliza nani amepoteza shamba hakuliona hilo. Pengine mwanasosholojia alijua kuwa jamii isiyo na walioondoka inapatikana katika sayari nyingine tu.

Je, inawezekana kubuni utafiti ulio bora? Inawezekana, na mifano ipo. Rosabeth Moss Kanter, katika kitabu chake cha mwaka 1972, alitaka kujua kwa nini baadhi ya jumuiya za Marekani zilizoanzishwa kati ya 1780 na 1860 zilidumu. Hakuchukua zilizodumu peke yake. Alichukua 30: tisa zilizofikisha angalau miaka 25 na 21 zilizokufa mapema, kisha akauliza swali lile lile kwa zote. Ndipo ilipobainika kuwa zilizodumu zilielekea zaidi kumdai mwanachama sadaka kubwa wakati wa kuingia. Bila zile 21, matokeo hayo yasingekuwa na maana, kwa kuwa hakuna anayejua kama zilizokufa nazo zilidai vivyo hivyo.

Mfano wa karibu zaidi ni wa magharibi mwa Kenya, Busia na Teso, ambako Mary Kay Gugerty na Michael Kremer walifuatilia vikundi 80 vya wanawake, baadhi vikipewa ufadhili mapema na vingine baadaye kwa kura. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalikuwa ya kusikitisha. Fedha zilipoingia, waliovutiwa kujiunga walikuwa wanawake wenye umri mdogo, elimu zaidi na kipato zaidi. Nafasi za uongozi zikaanza kuchukuliwa na wanaume na wenye elimu. Wazee wakaongezeka miongoni mwa waliotoka. Mtu ambaye angefika mwishoni na kuhoji waliomo angeona kikundi chenye watu wenye elimu na fedha, akaandika kuwa ufadhili umewainua wanawake wa kijijini. Wanawake wenyewe wa kijijini wangekuwa nje ya uzio.

Hapo ndipo suala hili linapoacha kuwa la kitaaluma. Hazina ya Wanawake ilianzishwa mwaka 2007, na ya Uwezo ikazinduliwa mwaka 2013, zote mbili zikiwa na mikopo inayotolewa kwa vikundi. Asiye na kikundi hapiti mlango huo. Kila tasnifu inayotangaza kuwa vikundi humwinua mwanamke, kwa kuwahoji walioinuka, huongeza uzito kwa dhana kuwa aliye nje amejitakia. Yule aliyetolewa kwa kushindwa kuchanga wakati mtoto amelazwa hospitalini haonekani kwenye tasnifu, na kwa hivyo haonekani kwa anayepanga.

Mtafiti wa Nyamarambe angeweza kuanzia wapi? Angeanzia kwenye daftari la zamani, badala ya mwenyekiti wa leo. Vikundi husajiliwa na ofisi za maendeleo ya jamii, sasa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, na kabla ya sheria hiyo vilisajiliwa vilevile. Orodha ya miaka kumi iliyopita ina vilivyo hai na vilivyokufa bila kubagua. Akiteua kwa bahati nasibu kutoka orodha hiyo, kisha akavitafuta alivyoteua, atajifunza mengi hata kwa vile ambavyo havipatikani. Katika vile vinavyopatikana, kitabu cha michango ya mwaka wa kwanza kitamwonyesha waliokuwepo. Angewatafuta wote. Na angetafuta pia wale walioomba kuingia wakakataliwa, maana hao ndio wanaokaribiana zaidi na waliokubaliwa. Jirani ambaye hakutaka kamwe kujiunga ni kipimo kibovu.

Wapo watakaosema kuwa hayo ni mazito kwa mtahiniwa wa uzamili mwenye mihula miwili na nauli ya kujitafutia. Hoja hiyo ina haki yake. Lakini jibu lake ni kupunguza dai, na kupunguza dai hakugharimu nauli. 'Mazungumzo ya wanachama wa sasa wa vikundi vitano vya Nyamarambe wanapokuwa na mgeni' ni anwani ya unyenyekevu ambayo kazi ndogo inaweza kuibeba. 'Dhima ya vikundi katika kuinua wanawake wa Ugusii' haiwezi.

Pingamizi zito zaidi ni la kimaadili. Aliyetoka chamani mara nyingi alitoka na deni, au na ugomvi, au na aibu, na kijijini deni la mtu linajulikana. Mtafiti anayebisha mlangoni mwake na daftari humkumbusha jirani zake. Kibali kutoka tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, NACOSTI, humruhusu mtafiti kufanya utafiti. Hakimlazimishi mtu yeyote kuongea naye. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo imeweka wazi kuwa taarifa za mtu ni zake. Kwa hiyo mazungumzo hayo hayapaswi kupangwa kupitia kwa mwenyekiti wa kikundi, ambaye ndiye aliyemtoa, wala kufanyiwa sokoni, na kubadilisha jina peke yake hakutoshi ikiwa maelezo mengine yanamtambulisha: 'mshonaji mjane aliyekuwa mweka hazina' ni mmoja tu Nyamarambe. Baadhi watakataa. Idadi ya waliokataa iandikwe.

Na watakaokubali watazungumza kwa Ekegusii. Hapa mwanafunzi wa Kiswahili hushikwa na kishawishi cha kufasiri papo hapo, kwa kuwa tasnifu itaandikwa kwa Kiswahili na muda ni mfupi. Maneno yao yaandikwe kwanza kama yalivyotamkwa, na fasiri iwekwe kando, ili mtu mwingine anayeijua lugha hiyo aweze kusoma zote mbili na kubisha. Egesangio kikigeuzwa kuwa 'kikundi' katika ukurasa wa kwanza wa daftari, nayo risaga ikageuzwa hivyo hivyo katika wa pili, hakuna uchanganuzi utakaovitenganisha tena.